Pikipiki Juu ya Gari, Chumba Nyuma: Safari Zetu za Tela Kutoka Tanga

Anayetaka kusafiri na pikipiki mbili pamoja na mahali pake pa kulala ana njia tatu za kupanga mzigo, na mbili kati ya hizo nimeziona zikiwatesa watu. Ya kwanza ni kuzifunga pikipiki mwisho kabisa wa tela, kwenye jukwaa linalochomoza nyuma ya chumba. Ya pili ni kuziingiza ndani ya chumba chenyewe na kuzitoa usiku ili godoro lipate nafasi. Ya tatu ndiyo yetu: pikipiki zinapanda kwenye bodi la pikapu, na tela linabaki na godoro, sufuria, nguo na maji.

Hatukuibuni wenyewe. Nina mjomba aliyeendesha malori ya mkonge kati ya mashamba na bandari ya Tanga tangu ujana wake hadi alipostaafu. Kabla hatujampa fundi hata shilingi moja tulikwenda kwake Ngamiani, tukamwamkia, tukamweleza tunachotaka. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mume wangu.

"Mkwe wangu, hilo tela litakuwa na breki?"

"Hapana, mjomba. Ni dogo."

"Breki ziko wapi?"

"Kwenye gari."

"Basi uzito upeleke ziliko breki."

Maneno hayo ndiyo yaliyoamua kila kitu kilichofuata, na kila tukiteremka mlima nayakumbuka. Tela dogo lisilo na breki husimamishwa na gari linalolivuta. Nchi za Ulaya huruhusu tela la namna hiyo lisizidi kilo 750 pamoja na mzigo wake, na ukishaliona linavyokusukuma mgongoni mteremkoni unaelewa kwa nini waliweka kikomo. Pikipiki zetu ni za njia mbaya, kila moja ina kilo kama 130. Mbili ni kilo 260. Uzito huo ukiwa juu ya gari, magurudumu ya nyuma yanashika barabara vizuri zaidi. Ukiwa mwisho wa tela, habari ni nyingine kabisa.

Hiyo habari nyingine niliishuhudia kwenye barabara ya Tanga kwenda Segera, tukiwa tumepita Muheza. Mbele yetu kulikuwa na gari linavuta tela lenye kibanda cha mabati, na pikipiki mbili zimefungwa nyuma ya kibanda. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Ulipoanza mteremko, basi likalipita kwa kasi, na ule upepo wa basi ukalisukuma tela pembeni. Likarudi, likavuka katikati, likaenda upande wa pili, na kila mara likizidisha. Dereva akakanyaga breki. Hapo ndipo mkia wa gari nao ulipoanza kwenda huku na huku. Alimalizia kwenye majani ya kando ya barabara, mzima yeye na abiria wake, lakini pikipiki moja ilikuwa chini na mkono wa tela, kile chuma cha mbele kinacholiunga na gari, umepinda.

Tulisimama kuwasaidia, na mume wangu akajaribu kuunyanyua mkono wa tela. Aliunyanyua kwa mkono mmoja, kama ndoo tupu. Uzito wote ulikuwa nyuma ya ekseli, ule mhimili unaoshika magurudumu, kwa hiyo mbele tela lilikuwa jepesi mno na lilikuwa linalinyanyua gari badala ya kulikalia. Tela la namna hiyo halihitaji sababu kubwa ili lianze kuyumba. Basi moja linatosha. Kinachotakiwa ni mkono wa tela ubonyeze ile gololi ya chuma nyuma ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela na mzigo wake. Ikipungua hapo, linayumba. Ikizidi sana, gari linakaa kitako, taa zinaangaza juu ya miti na usukani unakuwa mwepesi.

Na likianza kuyumba, breki za ghafla zinaongeza ubaya. Unaondoa mguu kwenye mafuta taratibu, unashika usukani umenyooka bila kufukuzana na tela, unaliacha lipungue lenyewe. Mjomba alitufanya turudie maneno hayo kwa sauti, kila mmoja kwa zamu yake, kabla hajaturuhusu kuondoka na tela kwa mara ya kwanza.

Kupima si kazi ngumu. Sisi tulimwendea muuza mahindi mwenye mizani ya kupimia magunia, tukachagua sakafu iliyo sawa, tukapima gurudumu moja, kisha la pili, kisha mkono tukiwa tumeuegemeza kwenye kipande cha mti kwa urefu uleule unaokaa kwenye gari. Jumla ilikuja karibu kilo 400 na mkono ulibeba kilo 50 hivi. Yule muuza mahindi alitutazama muda mrefu, kisha akavutiwa, akaanza yeye mwenyewe kutuambia tusogeze sanduku la vyombo mbele kidogo tuone.

Kilichotusumbua kwenye hesabu hiyo ni maji. Tunabeba madumu manne ya lita 20, yaani kilo 80 tukianza safari, na tukirudi ni madumu matupu. Ukiyaweka mbele, unakwenda na mkono mzito na kurudi na mkono mwepesi, na kurudi kutoka Lushoto ndiko kuliko na mteremko. Kwa hiyo madumu yetu yanakaa juu kabisa ya ekseli, chini ya kitanda, upande huu mawili na upande huu mawili. Yakiisha, mizani ya mbele na nyuma haibadiliki. Kama kuna jambo moja ambalo ningemwomba msomaji mwenye tela alifanyie kazi leo hii, ni hilo la kuvitafuta vile vitu vinavyopungua njiani na kuviweka juu ya ekseli.

Tela lenyewe lilichomelewa hapa hapa Tanga. Chasi ni ya chuma cha mraba, kuta ni za plaiwudi iliyopakwa rangi ya boti, na paa ni bati jepesi lenye mwinamo wa kumwaga mvua. Chumba kina urefu wa meta mbili na ushee, upana meta moja na nusu, na huwezi kusimama ndani, unakaa na kulala tu. Dirisha mbili zina wavu wa mbu. Mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu na kuwa kivuli cha jikoni. Fundi alitaka kutuongezea kabati, rafu na meza ya kukunja, na kila alichokitaja kilikuwa kizuri, ila kila alichokitaja kilikuwa na kilo zake. Tulikataa karibu vyote.

Tuligombana naye kidogo kuhusu ekseli. Alikuwa na magurudumu madogo ya bei nafuu. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilometa, hupata joto haraka, na kwenye shimo huzama lote. Sisi tulitaka ekseli yenye vichwa vinavyopokea rimu zilezile za pikapu, nati zilezile, ili tairi moja la akiba litumike mbele na nyuma. Iligharimu zaidi. Siku tuliyopata pancha ya tela njia ya Pangani jioni, tukalitoa tairi la akiba la gari, tukalifunga kwenye tela kwa spana ileile, tukaendelea, nilimshukuru Mungu na mjomba.

Lakini ekseli hiyo ilikuja na springi za pikapu, na springi za kubeba tani hazipindi chini ya kilo 400. Tela lilikuwa linaruka kwenye matuta na kila kitu ndani kinaruka nalo. Fundi alipunguza vipande vya springi kila upande, likatulia. Mwenye kutengeneza tela kwa vyuma vya gari kubwa alitazame hilo mapema.

Kuhusu kuzifunga pikipiki, nina msimamo. Pikipiki haisafirishwi ikiwa imeegemea stendi yake ya pembeni. Stendi ile imetengenezwa kubeba pikipiki iliyotulia, na bodi la gari halitulii. Pikipiki isimame wima kwa mikanda tu. Sisi tunatumia mikanda minne kwa kila moja, ile ya kukazia mizigo yenye kifaa cha kukaza kwa mkono. Miwili ya mbele inashika chini ya usukani, si kwenye vishikio vyenyewe maana vinapinda, na inavuta chini na mbele, kulia na kushoto, mpaka shokapu za mbele zibonyee kama nusu. Ukizibonyeza mpaka mwisho zinaumia sili, zile raba za kuzuia mafuta, na zinaanza kuvuja. Ukizibonyeza kidogo mno, kwenye tuta zinabonyea zaidi, mkanda unalegea, kulabu inachomoka. Miwili ya nyuma ni ya kuzuia mkia usichezecheze.

Vishikio viwili vikikabiliana vinagongana, kwa hiyo pikipiki moja inaingia kichwa mbele na nyingine inaingia kinyumenyume. Vali ya mafuta inafungwa. Katikati ya pikipiki tunaweka godoro kuukuu la mtoto.

Watu wa Tanga tutauliza: na katani je? Tuna haki ya kuuliza, mkonge uliletwa kwetu 1893 na mkoa mzima umelelewa nao. Kamba ya katani haivutiki hovyo, na mimi ninaipenda. Nimeijua tabia yake: ikilowa hujikaza, ikikauka hulegea. Ukifunga kwenye mvua ya Korogwe, ukifika Mombo jua linawaka na kamba imelegea bila mtu kuigusa. Kwa turubai na kwa gurudumu la nyuma ninaitumia mpaka leo. Kwa kile kinachoishikilia pikipiki isianguke, ni mikanda.

Kituo chetu cha kwanza ni Pongwe, hata kama tumetoka nyumbani Chumbageni muda si mrefu. Mikanda yote hulegea kidogo mwanzoni kwa sababu shokapu zinatafuta mahali pake. Tunaikaza upya. Mume wangu anapita akigusa vichwa vya magurudumu ya tela kwa kiganja: vuguvugu ni sawa, cha moto kiasi cha kuondoa mkono maana yake beringi inaomba grisi au imekazwa kupita kiasi. Mimi natazama minyororo miwili ya usalama, ambayo inapishana chini ya mkono ili mkono ukichomoka uangukie juu yake na usichimbe lami. Kisha nasimama nyuma, yeye anakanyaga breki, anawasha indiketa kushoto, kulia. Hewa ya bahari inazila nyaya zetu. Plagi ya taa za tela ikikaa wiki mbili bila kupakwa grisi inaota ukungu wa kijani, na taa moja inazimika bila taarifa.

Kutoka hapo kasi yetu haizidi 70 hata lami ikiwa tupu, na kwenye makazi ni 50 kama sheria inavyotaka. Basi likija nyuma, ninapunguza kidogo na kukaa upande wangu, lipite haraka, upepo wake uishe haraka. Segera tunakula, Korogwe tunapita, Mombo tunajaza mafuta.

Kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kilometa zaidi ya 30 za kona juu ya kona, barabara waliyoichonga Wajerumani wakati Lushoto ikiitwa Wilhelmsthal. Upande mmoja jabali, upande mmoja bonde, na kona nyingine huoni anayekuja. Kupanda si tatizo, unakwenda na gia ya pili, unapiga honi kwenye kona, unawapisha wenye haraka kila penye nafasi. Tela fupi linakata kona kwa ndani, kwa hiyo unaichukua kona kwa upana kadiri upande wako unavyoruhusu, la sivyo gurudumu lake linaingia mtaroni.

Kuteremka ndiko kwenye mtihani. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Unaiingiza kabla ya mteremko kuanza, injini inalishika gari, na breki unazikanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi kisha unaziachia zipoe. Mtu anayekanyaga breki mfululizo kutoka Soni anafika chini na harufu ya kuungua na kanyagio inayozama. Sisi huwa tunasimama Soni hata kama hatuna shida, tunatazama maporomoko, tunanunua matunda, magurudumu yanapoa. Na kwa kuwa kilo 260 ziko juu ya magurudumu yenye breki, tela linatufuata kimya. Hapo ndipo naona mpango wa mjomba ulivyokuwa sahihi kuliko mahali pengine popote.

Watu hutuuliza kwa nini tusilale gesti. Gesti zipo, na nyingi ni nzuri. Sababu yetu ni pikipiki. Kila nyumba ya wageni tuliyolala zamani tulilala nusu, sikio moja uani. Tela linakaa hatua tatu kutoka pikipiki zilipo, mnyororo umepita kwenye rimu zote mbili na kwenye chasi. Sababu nyingine ni kwamba tunakotaka kwenda kwa pikipiki ni mbali na gesti: njia za kwenda Mtae, njia za msitu wa Magamba, au upande mwingine Amani, ambako bustani ya mimea ilianzishwa 1902 na barabara ya kupandia ina kokoto na matope ambayo sitalipeleka tela. Tela linabaki chini kwenye uwanja wa mwenyeji tuliyemwomba kwa adabu, na sisi tunapanda kwa magurudumu mawili. Tukipata mzee mwenye boma anayekubali, tunamwachia ufunguo mmoja wa gari na sukari au chochote tulichomletea, na tukirudi jioni watoto wote wa pale wameshajua jina la kila chombo cha jikoni letu.

Mpango wetu una gharama yake. Pikipiki zilizo kwenye bodi hazishuki mpaka tela lifunguliwe, kwa sababu limeziba mlango wa nyuma. Mvua ikikukuta, ukifika usiku, ukiwa umechoka, utaratibu ni huo huo: kuweka mawe au kabari kwenye magurudumu ya tela kwanza, kushusha mguu wa mbele, kulifungua, kusogeza gari, kuweka ubao, kushusha pikipiki moja moja. Asubuhi unarudia kinyume. Ubao wetu una urefu wa meta mbili na nusu, na ninatafuta kila mara kingo ya ardhi ya kurudishia gari kinyumenyume ili ubao ulale karibu sawa na ardhi. Mmoja anaongoza pikipiki akiwa pembeni, si juu yake, mwingine anashika nyuma. Kwa mkono wangu na wa mume wangu inawezekana. Mtu peke yake na pikipiki nzito ya kilo 200 na zaidi, sitamshauri.

Kurudi kinyumenyume na tela fupi kunafundishwa na uwanja mtupu na subira. Shika usukani chini, mkono unakokwenda ndiko mkia wa tela utakakokwenda. Fupi linajikunja haraka kuliko refu, kwa hiyo unageuza kidogo, unasubiri, unarekebisha. Tulipovuka Pangani kwa pantoni kwenda Bweni, kilichonishughulisha kilikuwa mwinamo wa kuingilia: gari linapanda huku tela bado linashuka, na mguu wa mbele wa tela ukisahauliwa chini kidogo tu unakwama. Mjomba alikuwa ametuambia tuupandishe mpaka mwisho na kuufunga kwa pini. Ulipita kwa upana wa kiganja.

Ndani ya chumba hatuingizi kitu chenye petroli, hata dumu dogo, hata kofia ya tangi iliyolowa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni na kujikusanya palepale ulipo kichwa cha mtu aliyelala. Gesi ya kupikia nayo ina tabia hiyo, kwa hiyo mtungi unakaa nje kwenye kisanduku chenye matundu chini. Jiko la mkaa haliingii kabisa. Usiku wa Lushoto wakati wa Juni na Julai ni baridi ya kweli kwa mtu wa pwani, meta karibu 1,400 juu ya bahari, na najua vishawishi vya kuweka makaa mekundu ndani na kufunga mlango. Hewa ya mkaa inayoua haionekani wala hainuki. Mablanketi mawili zaidi yana uzito mdogo kuliko jiko.

Wenye pikapu za milango minne wananiuliza kama mpango huu unawafaa. Bodi letu ni la kabini moja, lina urefu wa zaidi ya meta mbili, pikipiki inaenea na mlango unafungwa. La milango minne lina kama meta moja na nusu, na pikipiki ina karibu meta mbili, kwa hiyo mlango wa nyuma utabaki wazi na gurudumu litachomoza. Inawezekana, ila gari likikata kona, ukuta wa mbele wa tela unakuja kuugonga mlango ule. Dawa ni mkono mrefu zaidi wa tela, na urefu wake usiupate kwa kukisia. Pakia pikipiki, fungua mlango, funga tela kwa mkono wa muda, nenda uwanjani, kata usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia, mtu mmoja akiwa nje anatazama nafasi inayobaki, kisha rudia gari likiwa kwenye tuta. Fundi achomelee baada ya hapo, na baada ya kurefusha upime tena mkono kwenye mizani, maana uzito wake utakuwa umebadilika.